Makobola: Maisha yenye kufichika chini ya majiwe ya Ziwa Tanganyika

Makobola iko kwenye barabara ya Uvira–Baraka, pale wilaya ya Uvira inapokutana na ile ya Fizi. Hapo milima ya Mitumba inashuka karibu kabisa na maji. Majiwe makubwa yanatoka mlimani, yanapita ufukwe na kuendelea chini ya ziwa. Mwenye kupita na gari anaona majiwe tu. Mwenye kuzamia na miwani ya maji anakuta kijiji kizima cha samaki.

Baharini, huko Zanzibar ao Mombasa, wazamiaji wanafuata matumbawe. Ziwa Tanganyika halina matumbawe. Kazi ile inafanywa na majiwe: ndani ya mianya yake samaki wanajificha, wanazaa, na juu yake wanakula majani madogo ya maji.

Ziwa lenyewe

Ziwa hili limekuwepo kwa mamilioni ya miaka, na kwenye kina kirefu zaidi linafika metre 1.470. Lakini hewa ya kutosha kwa samaki inapatikana tu sehemu ya juu. Chini ya metre 200 hivi, samaki hawaishi. Kwa hiyo ule ukanda mwembamba wa pembeni ndio wenye utajiri mkubwa. Watu wa sayansi wanahesabu aina karibu 250 za samaki wa jamii ya kuhe, na karibu zote hazipatikani ziwa lingine duniani.

Wanaoonekana kwenye majiwe

Wa kwanza ni tropheus, samaki mdogo mwenye kukwangua majani juu ya jiwe. Huyu haachi majiwe. Kuvuka mchanga ao maji marefu anaogopa. Ndiyo maana kila kipande cha mwambao kiko na tropheus wa rangi yake. Wa Pemba, kusini mwa Uvira, ni mweusi mwenye mshipi wa rangi ya machungwa katikati, na wafugaji wa samaki wa Ulaya wanamjua kwa jina la mahali hapo.

Kuna pia perissodus, mwizi wa magamba. Mdomo wake umepindika upande mmoja. Mwenye mdomo wa kulia anashambulia ubavu wa kushoto wa mwenzake, na wa kushoto anafanya kinyume. Mwaka 1993, Mjapani Michio Hori alieleza kwamba kundi moja likiwa kubwa sana, samaki wengine wanajifunza kulinda ubavu ule, na kundi la pili linaanza kushiba zaidi. Hivyo makundi mawili yanabaki karibu sawa.

Wa tatu ni samaki wa ndevu mwenye madoa meusi. Samaki wengi wa hapa wanalea mayai ndani ya mdomo. Huyu wa ndevu anakuja wakati mama anataga, anaangusha mayai yake katikati. Mama anayaokota yote. Watoto wa mgeni wanatoboka mbele, kisha wanakula watoto wa mwenye nyumba.

Mengi ya mambo hayo yalijulikana kwa kuzamia. Kwa miaka mingi watafiti wa Kongo wa kituo cha utafiti wa maji cha Uvira, CRH, walifanya kazi na Wajapani kwenye mwambao huu, wakihesabu samaki chini ya maji.

Maji ya moto chini ya ziwa

Aprili 1987, chemchemi za maji ya moto ziligunduliwa chini ya ziwa, Pemba na kwenye rasi ya Banza, Ubwari. Kati ya Agosti na Oktoba 1991, wazamiaji 10 wa msafara wa TANGANYDRO, uliounganisha Ufaransa, Zaire, Ujerumani na Burundi, walizifuata mpaka kina cha metre 46. Walipima joto kuanzia digri 53 mpaka 103. Huko Banza walikuta mabomba ya chokaa yaliyojijenga yenyewe, mengine yakiwa na urefu wa sentimetre 70.

Hatari kwa mzamiaji

Ziwa liko zaidi ya metre 770 juu ya bahari. Hesabu za kuzamia za baharini haziwezi kutumiwa hapa bila kurekebishwa. Mtu akipanda juu haraka, hewa inatengeneza mapovu ndani ya damu, na inaweza kumlemaza ao kumuua. Aliyezamia na chupa ya hewa asipande Hauts-Plateaux siku ile. Angojee angalau saa 24.

Mamba na viboko wanapenda zaidi milango ya mito na sehemu zenye matete. Kuko pia nyoka wa maji, jamii ya fira, mwenye sumu kali. Kwa kawaida anakimbia mtu, asishikwe. Bilharzi, yaani kichocho, inapatikana hasa maji yaliyotulia yenye majani, mahali watu wanajisaidia.

Potopoto inayoshuka

Hatari kubwa ya samaki hawa inatoka mlimani. Miti ikikatwa kwa ajili ya makala na mashamba yakilimwa kwenye mteremko bila kizuizi, mvua inashusha udongo. Mafuriko ya Aprili 2020 mjini Uvira yalionyesha wazi namna mito inavyoweza kubeba potopoto na majiwe. Ndani ya ziwa, potopoto ile inaziba mianya na kufunika chakula juu ya jiwe. Utafiti wa Andrew Cohen na wenzake, uliotoka 1993, ulionyesha kwamba pale udongo unapoingia kwa wingi, aina za viumbe zinapungua.

Ndakala na mikeke wanaishi katikati ya ziwa na wanaweza kuhama. Tropheus wa jiwe moja hana pa kwenda: jiwe lake likifunikwa, rangi ile inaweza kupotea kabisa. Kupanda miti pembeni ya mito, kulima kwa kukata mteremko na kuacha nyavu za vyandarua pembeni ya ufukwe ni kazi za watu wa nchi kavu, lakini matunda yake yanaonekana chini ya maji.