Ujiji: mji mkongwe usio na ngome

Sijui nani alitufundisha kwamba mji wa kale lazima uwe na ngome. Mombasa wana Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Unguja wana Ngome Kongwe. Kilwa Kisiwani wana Gereza, na kabla ya hilo wana Husuni Kubwa, jumba la sultani la karne ya 14, enzi zile zile ambazo wafalme wa Ulaya walikuwa wanajifungia kwenye makasri yao ya mawe. Sasa wewe panda daladala Kigoma mjini, ushuke Ujiji, kilometa chache tu, uanze kuulizia ngome. Mimi niliulizia. Jibu nililopata ni moja: "Nenda kwa Livingstone."

Basi nikaenda. Kuna mnara wa kumbukumbu, kuna jumba la makumbusho lenye sanamu za Stanley na Livingstone wakiamkiana, na kuna miembe inayosemekana ni uzao wa ule mwembe walipokutania mwaka 1871. Stanley aliandika kwamba ilikuwa Novemba 10. Wanahistoria wengi wanasema hapana, ilikuwa wiki ya mwisho ya Oktoba, jamaa alikuwa amepotewa na hesabu ya siku kwa homa. Na ukisoma maelezo yake mwenyewe, mtu wa kwanza kumlaki pale Ujiji hakuwa Livingstone. Alikuwa Susi, mtumishi wake, yule yule ambaye miaka miwili baadaye, yeye na Chuma na wenzao, waliubeba mwili wa bwana wao kutoka Chitambo, Zambia ya leo, hadi Bagamoyo. Lakini shuleni tulikariri salamu ya Stanley tu!

Turudi kwenye ngome. Ujiji ilikuwa mji mkubwa bila ukuta. Burton na Speke walipofika Februari 1858 walikuta watu wa pwani wameshatangulia, wanauza na kununua pembe za ndovu, chumvi, samaki, mawese na, tusifiche, binadamu wenzao. Ardhi ilikuwa ya Wajiji na watwale wao, na mgeni alilipa hongo kwanza ndipo akapiga kambi. Sokoni fedha ilikuwa shanga, zile zilizoitwa sofi. Nyumba za matajiri zilikuwa tembe: kuta nene za udongo, paa bapa, baraza mbele. Livingstone mwenyewe aliishi kwenye tembe.

Nguvu ya mji huu ilikuwa majini. Mwenye mitumbwi na majahazi ndiye aliyevuka kwenda Manyema, ng'ambo ya ziwa, na ndiye aliyetawala. Mwinyi Heri, mtu wa pwani, alijijenga hapo miaka mingi kwa biashara na kwa kuelewana na wenye nchi, mpaka mwaka 1881 bendera ya Sultani Barghash wa Zanzibar ikapandishwa Ujiji naye akawa liwali. Aliyemfuata ni Rumaliza, Mohammed bin Khalfan. Huyu sasa ndiye aliyejenga maboma, ya magogo, tena upande wa Kongo, akipigana na majeshi ya Mfalme Leopold. Mwanzoni mwa 1894 akashindwa. Boma la magogo halisubiri watalii.

Halafu kuna jambo ambalo wengi wetu hatulijui: ziwa lenyewe liliukimbia mji. Mto Lukuga, upande wa Kongo, ndiyo njia pekee ya maji ya Tanganyika kutoka. Ulikuwa umezibwa na matope na magugu, na ziwa likawa limejaa sana. Mwaka 1878 kizuizi kikazibuka, na katika muda usiofika miaka 20 maji yakashuka karibu mita 10. Ufuko wa Ujiji si wa mwinuko, kwa hiyo maji yakishuka kidogo tu pwani inasogea mbali. Ndiyo maana leo kutoka kwenye mnara hadi majini unatembea, wakati zamani wageni walikuta mji uko ukingoni mwa ziwa.

Wajerumani waliweka kituo cha kijeshi Ujiji mwaka 1896, maana watu walikuwa hapo. Lakini ilipokuja reli walitaka kina cha maji na hori iliyokingwa na mawimbi, na hivyo vyote viko Kigoma. Treni ikafika Kigoma Februari 1914. Hapo juu wakajenga jumba linaloitwa la Kaiser, na wenyeji watakuhadithia kuhusu njia ya chini kwa chini kutoka jumbani hadi stesheni. Kaiser hakutia mguu Tanganyika hata siku moja. Na kwa taarifa yenu, Julai 1916 Wabelgiji waliichukua Kigoma, jumba na stesheni vyote.

Kinachonikera ni hiki. Mwaka 2006 serikali yetu iliiweka njia ya kati ya watumwa na pembe za ndovu, kuanzia Bagamoyo hadi Ujiji, kwenye orodha ya awali ya UNESCO. Njia nzima, si mwembe mmoja. Lakini nilipoulizia soko lilikuwa wapi, Mwinyi Heri alikaa wapi, hao watu waliofungwa minyororo walivushwa na kushushwa wapi, nilirudishwa kule kule kwa Livingstone. Kule Kwihara, Tabora, tembe walilokaa Stanley na Livingstone limejengwa upya kwa udongo ule ule. Kwa hiyo ujenzi wa udongo haujatushinda.

Nikateremka hadi ufukweni. Mafundi walikuwa wanagonga mbao za boti kubwa, mbavu zake ziko wazi, na vijana wanapakia madumu ya mawese. Hapo hakuna kiingilio.