Arseny Tarkovsky: Mshairi aliyesubiri miaka 55 kuona kitabu chake

WAPENZI wengi wa sinema duniani wanalifahamu jina la Tarkovsky kwa sababu ya Andrei, mwongozaji filamu mashuhuri wa Urusi. Ni wachache wanaofahamu kwamba baba yake, Arseny Tarkovsky, alikuwa miongoni mwa washairi wakubwa wa lugha ya Kirusi wa karne ya 20, na kwamba kwa sehemu kubwa ya maisha yake alijulikana kwa kutafsiri mashairi ya watu wengine ilhali ya kwake yakiwa yamefungiwa sandukuni.

Arseny Aleksandrovich Tarkovsky alizaliwa Juni 25, 1907, katika mji wa Elisavetgrad, ambao wakati huo ulikuwa ndani ya Dola ya Urusi. Leo mji huo uko Ukraine na unaitwa Kropyvnytskyi. Baba yake, Aleksandr, aliwahi kuadhibiwa na serikali ya mfalme kwa kushiriki harakati za mapinduzi, na baadaye akawa karani wa benki. Nyumba yao ilikuwa nyumba ya vitabu na mashairi. Kaka yake, Valery, aliuawa mwaka 1919 katika vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Katika miaka ya 1920 kijana huyo alihamia Moscow, akajiunga na masomo ya fasihi na kufanya kazi katika gazeti la wafanyakazi wa reli, Gudok. Huko alipata marafiki wa kudumu: Semyon Lipkin, Maria Petrovykh na Arkady Shteinberg. Wote wanne walikuwa washairi, na wote waliishia kupata riziki yao kwa kutafsiri.

Mwaka 1932 mkewe wa kwanza, Maria Vishnyakova, alimzaa Andrei, na mwaka 1934 akamzaa binti, Marina. Mwaka 1937 Tarkovsky aliiacha familia hiyo. Jeraha la kuondoka huko halikupona upesi kwa watoto wake, na miaka mingi baadaye lilikuja kuonekana katika filamu za mwanawe.

Tafsiri kama kimbilio

Kazi ya kutafsiri ilikuwa na sababu zake. Umoja wa Kisovieti ulikuwa na mataifa mengi, na serikali ilitaka fasihi za mataifa hayo zisomwe kwa Kirusi. Kwa kawaida mtaalamu wa lugha husika aliandaa tafsiri sisisi, yaani ya neno kwa neno, kisha mshairi akaipa mizani, vina na uhai. Kazi hiyo ililipwa vizuri. Zaidi ya hayo, mshairi ambaye hakupenda kuwasifu watawala aliweza kuishi bila kuiuza kalamu yake.

Kwa njia hiyo Tarkovsky aliwapatia wasomaji wa Kirusi mashairi ya Makhtumkuli wa Waturkmeni, Vazha-Pshavela wa Georgia, Sayat-Nova wa Armenia, na Abu'l-Ala al-Ma'arri, mshairi kipofu wa Kiarabu kutoka Syria. Alitafsiri pia utenzi wa Wakarakalpak uitwao Wasichana Arobaini. Hata hivyo, katika shairi lake moja alilalamika waziwazi kuhusu mzigo wa kuwatumikia wengine.

Vita na mguu uliopotea

Ujerumani ilipoivamia nchi hiyo Juni 1941, Tarkovsky alituma maombi mengi ya kupelekwa mstari wa mbele. Mwishoni mwa Agosti mwaka huo rafiki yake, mshairi Marina Tsvetaeva, alijiua katika mji wa Elabuga, msiba uliomwachia mashairi ya maombolezo.

Mwanzoni mwa 1942 ombi lake lilikubaliwa. Alipangwa katika gazeti la Boevaya Trevoga, lililokuwa la Jeshi la 16, ambalo baadaye liliitwa Jeshi la 11 la Walinzi. Ingawa cheo chake kilikuwa cha mwandishi, alifika kwenye mapigano yenyewe, na alitunukiwa Nishani ya Nyota Nyekundu.

Desemba 1943, karibu na mji wa Gorodok huko Belarus, risasi ilimpasua mguu. Kidonda kikaingia donda ndugu, na madaktari wa hospitali za vita wakalazimika kuukata mguu mara kadhaa bila kuuzuia ugonjwa usipande. Mkewe wa pili, Antonina Bokhonova, alifanikiwa kumhamishia Moscow, ambako upasuaji wa mwisho uliokoa maisha yake. Alikuwa na umri wa miaka 36.

Kitabu kilichozuiwa

Vita vilipokwisha, mkusanyiko wake wa kwanza ulikubaliwa kuchapishwa. Lakini Agosti 1946 Kamati Kuu ya Chama cha Kikomunisti ilitoa azimio la kuwashambulia Anna Akhmatova na Mikhail Zoshchenko. Wachapishaji wakaingiwa na hofu, na kazi ya kukichapa kitabu cha Tarkovsky ikasitishwa.

Mwaka 1949 aliitwa na wakubwa wa chama na kupewa kazi ya hatari: kutafsiri mashairi ambayo Stalin aliyaandika kwa Kigeorgia ujanani, ili yachapishwe wakati kiongozi huyo akitimiza miaka 70. Mpango huo ulifutwa, na mshairi akarudi nyumbani salama.

Kitabu chake cha kwanza, Pered snegom, yaani Kabla ya Theluji, kilitoka mwaka 1962 akiwa na miaka 55, na Akhmatova akakipokea kwa sifa. Mwaka huohuo filamu ya Andrei, Utoto wa Ivan, ilipata Simba wa Dhahabu katika tamasha la Venice. Baba na mwana walitambuliwa pamoja. Vitabu vingine vilifuata mwaka 1966 na 1969.

Mwaka 1975 ilionyeshwa filamu ya Andrei iitwayo Kioo, inayohusu familia iliyoachwa na baba. Ndani yake Arseny mwenyewe anasikika akisoma mashairi yake. Mwana hakuificha lawama yake, lakini alimpa baba sauti iliyowafikia watu wengi kuliko kitabu chake chochote.

Mwaka 1984 Andrei alitangaza kwamba hatarudi Umoja wa Kisovieti. Alifariki dunia jijini Paris Desemba 29, 1986, bila kuonana tena na baba yake. Arseny alifariki Moscow Mei 27, 1989, akazikwa Peredelkino. Mwaka huohuo alitunukiwa Tuzo ya Taifa ya Umoja wa Kisovieti, akiwa tayari kaburini. Leo mashairi yake husomwa katika lugha nyingi, na sasa ni zamu ya watafsiri wengine kuyabeba.