Waovu wa Redioni na Mabati ya Babu

Mimi ni mpenzi wa michezo ya kuigiza, na ndani ya michezo hiyo ni mpenzi wa watu wenye makosa. Wenzangu bwenini wananijua. Tulipokuwa tukitazama vipande vya Siri ya Mtungi, ile tamthilia ya televisheni ya Tanzania iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2012, tulikuwa wanne tumejibana kitanda kimoja mbele ya simu moja, na watatu wote walikuwa upande wa Cheusi, yule mke. Mimi nilikuwa upande wa Cheche, mpiga picha wa Bagamoyo mwenye mke mwema na kazi nzuri, na bado akateleza. Nikaulizwa, "We unamtetea mzinzi?" Sikuwa na jibu la maana. Nilichoweza kusema ni kwamba Cheusi akitokea ninajua atasema nini, lakini Cheche akitokea sijui.

Swali hilo likanifuata hadi kwenye somo la historia, mhadhiri alipotutaka tuandike juu ya vyombo vya habari na vita katika nchi zetu za Maziwa Makuu. Karibu darasa zima liliandika juu ya RTLM ya Kigali. Mimi nilitaka kuandika juu ya dereva wa lori aitwaye Mkwaju, na wenzangu wakacheka. Katika insha hii nitajaribu kuonyesha kwamba mada hizo mbili hazipo mbalimbali kama wanavyodhani.

Jina la Mkwaju nililisikia kwa shangazi yangu. Kwetu ni Ryansoro, Gitega, lakini shangazi aliolewa Muyinga, na vita vilipowafikia alivuka mpaka na kuishi miaka mingi katika kambi ya Lukole, wilaya ya Ngara. Kiswahili chake ni cha kambini na cha redio. Siku moja nilipokuwa kwake tulikwenda pamoja mpakani Kobero, ambako malori kutoka Dar es Salaam hupanga foleni kusubiri karatasi zao. Dereva mmoja alimwita binti aliyekuwa akiuza ndizi, akamsogeza karibu na mlango wa gari. Shangazi akapaza sauti: "We Mkwaju! Mwache mtoto auze ndizi!" Dereva alikuwa mtu mzima wa kutosha kuelewa. Akacheka, akalipa ndizi, akafunga mlango.

Mkwaju alikuwa mhusika wa Twende na Wakati, mchezo wa redio ulioanzishwa na Radio Tanzania Dar es Salaam mwezi Julai 1993 na kusikika mara mbili kwa juma. Ni dereva wa masafa marefu mwenye mke nyumbani na wanawake njiani. Mkewe, Tunu, anavumilia, kisha anachoka, anaachana naye na kuanza biashara yake ndogo. Mkwaju mwenyewe anaishia kuugua UKIMWI. Ukiueleza hivi mchezo unaonekana kama mahubiri, na kwa kweli ulitungwa kwa mpango. Mbinu yake ilitoka Mexico kwa Miguel Sabido, mtayarishaji wa televisheni wa miaka ya 1970, aliyegawa wahusika wake katika makundi matatu: wema, waovu, na wale wanaoyumba katikati. Nadharia ilisema kwamba msikilizaji atajifunza hasa kwa yule anayeyumba, kwa sababu ndiye anayefanana naye. Kwa hiyo mwalimu wetu alitakiwa awe Tunu, na Mkwaju alikuwa mfano wa kuogopwa.

Watafiti walipata hata namna ya kupima. Kituo cha Dodoma hakikurusha mchezo huo hadi mwaka 1995. Saa hiyo kiliweka vipindi vingine, ili mkoa huo ulinganishwe na mikoa iliyousikia. (Dodoma iko kwenye njia ya malori yanayokuja kwetu. Nawaza dereva aliyemsikia Mkwaju Morogoro, akampoteza Dodoma, akampata tena mbele ya safari.) Matokeo yalionyesha kwamba katika mikoa iliyosikiliza matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka kuliko Dodoma. Mimi siyapingi. Ila naona kwamba shangazi, baada ya miaka yote hii, hakumwambia yule binti wa ndizi "uwe kama Tunu". Jina lililomjia mdomoni ni la mwovu.

Mwezi huo wa Julai 1993 unastahili kutazamwa tena. Tarehe 8, Kigali, RTLM ilianza kurusha matangazo yake. Tarehe 10, Bujumbura, Melchior Ndadaye aliapishwa kuwa rais wa kwanza wa Burundi aliyechaguliwa katika uchaguzi wa vyama vingi. Na Dar es Salaam ikaanza safari ya Mkwaju. Ni nchi tatu zinazopakana, na matukio hayo yote ni ya mwezi mmoja. Tarehe 21 Oktoba Ndadaye aliuawa, na mauaji yakasambaa katika vilima vyetu, Gitega ikiwa miongoni mwa sehemu zilizoumia sana. Mwezi wa Aprili uliofuata ikawa zamu ya Rwanda.

Tunapofundishwa juu ya RTLM tunafundishwa chuki yake, na ni haki: mwaka 2003 mahakama ya kimataifa ya Arusha iliwatia hatiani waasisi wake wawili, Nahimana na Barayagwiza. Lakini watu hawakuifungulia kwa sababu ya chuki tu. Waliifungulia kwa sababu ilichangamsha. Ilipiga muziki wa Kongo. Watangazaji wake walitania, na Kantano Habimana alijulikana kwa mzaha wake hata wakati watu walikuwa wanauawa. Kwa maneno mengine, alikuwa mhusika mwovu anayependeza, na hapo ndipo mpenzi wa waovu kama mimi anatakiwa kuwa na wasiwasi. Kama mimi nampenda Cheche kwa sababu anachangamsha, nina tofauti gani na aliyecheka na Kantano?

Wamarekani waliwahi kukutana na swali hili katika hali ya amani. Mwaka 1971 televisheni yao ilianza kuonyesha All in the Family, ambamo Archie Bunker, baba mwenye maneno ya kibaguzi, alichorwa ili achekwe. Mwaka 1974 Vidmar na Rokeach wakachapisha utafiti wao: watazamaji waliokuwa na ubaguzi tangu awali hawakumcheka Archie, walicheka pamoja naye, na wengi waliona kwamba yeye ndiye mwenye haki. Mtunzi aliweka kioo, wao wakaona picha ya shujaa. Kwa hiyo si kweli kwamba kumwonyesha mwovu kunatosha kumfanya achukiwe.

Tofauti ninayoiona mimi ni ndogo lakini ni kubwa. Mkwaju akisema uongo, kuna Tunu ndani ya nyumba anayemjibu. Hata akinyamaza, msikilizaji anausikia unyamavu wake. Katika kipaza sauti cha Kantano hapakuwa na mke, jirani wala mtoto wa kumwambia "hapana". Kosa lake halikuwa na mtu wa kulijibu, na msikilizaji aliyebaki na shaka alibaki nayo peke yake.

Burundi tulipata tamthilia yetu katikati ya vita. Studio Ijambo ilianzishwa Bujumbura mwaka 1995, ikiwa na waandishi wa habari Wahutu na Watutsi katika chumba kimoja, jambo lililokuwa la hatari siku hizo. Mwaka 1997 studio hiyo ikaanza Umubanyi Niwe Muryango, yaani jirani ndiye ndugu, mchezo wa Kirundi uliotungwa na Marie-Louise Sibazuri. Familia mbili, moja ya Kihutu na moja ya Kitutsi, zinaishi mlango kwa mlango. Sibazuri aliandika mamia ya sehemu. Mtu hawezi kuandika mamia ya sehemu juu ya majirani wema. Wema wataisha sehemu ya tano. Ilibidi wakosee, wadhaniane vibaya, wasikilize uvumi, kisha asubuhi wakutane kisimani.

Rwanda ilifuata mwaka 2004 na Musekeweya, mchezo wa vijiji viwili vya kubuni, Bumanzi na Muhumuro, ambamo maneno Hutu na Tutsi hayatajwi kabisa. Mwovu wake ni Rutanagira, kiongozi wa Bumanzi anayewachochea watu wake. Dada yake, Batamuriza, anampenda Shema, kijana wa upande wa pili. Hapa tuna bahati, kwa sababu mtafiti Elizabeth Levy Paluck alilinganisha kwa mwaka mmoja vikundi vilivyosikiliza Musekeweya na vikundi vilivyosikiliza mchezo mwingine juu ya afya. Matokeo yake yaliyochapishwa mwaka 2009 yalinishangaza. Waliosikiliza Musekeweya hawakubadilika sana katika imani zao za moyoni. Kilichobadilika ni walivyoona kuwa ni kawaida kwa watu wa jamii yao kufanya, na ujasiri wao wa kusema mbele za watu. Mwishoni kila kikundi kilipewa redio-kaseti na kanda, kikaulizwa nani atavitunza. Waliosikiliza mchezo wa afya walielekea kusema mambo hayo aachiwe kiongozi. Waliosikiliza Musekeweya walibishana, kisha wakataka kusimamia wenyewe kwa pamoja.

Nilipousoma utafiti huo nilikumbuka habari inayosemwa kwetu kwa sauti ya chini, ambayo mimi, niliyezaliwa baadaye, nimeipata kwa mama.

Oktoba 1993 jirani yetu alikimbia na familia yake yote. Majuma machache baadaye nyumba yake haikuwa na paa. Mabati 22 yalikuwa nyuma ya ghala letu, yamefunikwa majani ya migomba. Babu alisema kwamba asingeyachukua yeye, angeyachukua mwingine. Huenda ilikuwa kweli. Hakumuua mtu, na hakuna aliyemwuliza zaidi. Mabati yakapanda juu ya jiko letu, na mambo yakaisha hapo.

Babu alikuwa na redio, na zaidi ya redio alikuwa na betri, kwa hiyo jioni za Umubanyi ua wetu ulijaa watu. Mama anasema babu alimpenda hasa mhusika mmoja mkorofi, mwenye udhuru kwa kila jambo. Akisema, babu alicheka mpaka akapiga goti lake. Jioni moja mtu huyo alikuwa akijitetea tena, maneno mengi, yeye hana kosa, ni nyakati zilizomfanya. Bibi, ambaye hakuwahi kumpinga babu mbele ya wageni, akaigeukia redio, si mume wake, akaiuliza: "Na mabati je?"

Mchezoni hapakuwa na mabati. Kila mtu uani alilijua hilo. Mzee mmoja akaanza kucheka, akajikatiza. Wengine wakatazama chini. Babu aliinuka, akasimama karibu na redio kwa muda, na mama alikuwa na hakika kwamba ataizima. Hakuizima. Alirudi akaketi, wakasikiliza hadi mwisho, watu wakaaga wakaenda.

Wenzangu wanaosema wahusika waovu wanaharibu vijana, na wale wanaosema wanafundisha, wote wangetaka nimalizie kwa kusema asubuhi yake babu aliyarudisha. Hapana. Mabati yalikaa juu ya jiko miaka mingine sita. Lakini tangu jioni ile, mama anasema, yalikuwa yakitajwa. Bibi aliyataja mvua ikinyesha. Watoto waliyataja. Jirani mmoja alipokuja kuomba chumvi aliyatazama wazi, bila kuficha macho. Mtoto wa yule jirani aliporudi mwaka 2005 kujenga juu ya msingi wa baba yake, babu alipanda jikoni mwenyewe, akang'oa misumari, akampelekea mabati 17. Matano yalikuwa yamekatwa na kuoza. Hakuomba msamaha. Alisema tu, "Haya ni yenu." Kijana yule aliyapokea, akayahesabu mbele yake, na hakusema asante.

Kama ningeyaona haya kwenye simu pale bwenini, najua ningekuwa upande wa nani, na bado ningetaka bibi awemo katika kila sehemu. Rafiki zangu wangenizomea. Mtaalamu wa mbinu za Sabido naye angepata shida kumweka babu katika kundi lolote kati ya yale matatu.

Nilimwomba mama ruhusa ya kuandika haya. Alifikiri siku mbili. Kisha akasema niandike, ila nisitaje jina la babu, na nisisahau kuandika kwamba redio ilikuwa yake.