Tangazo la filamu Stormy Weather
Marekani, 1943. Karatasi iliyochapwa.

Matangazo kama hili yalibandikwa nje ya majumba ya sinema. Tazama majina: Lena Horne, Bill Robinson, Cab Calloway. Karibu waigizaji wote wa filamu hii ya nyimbo na vichekesho ni Wamarekani Weusi, jambo adimu kwa kampuni kubwa za Hollywood enzi hizo. Hii ilitolewa na 20th Century Fox.

Katika filamu nyingi za kampuni nyingine, MGM, Horne aliimba tu, akiwa nje ya kisa chenyewe. Ilipangwa hivyo makusudi, ili majumba ya sinema ya Kusini mwa Marekani yaliyobagua Weusi yaweze kukata kipande chake bila hadithi kuharibika. Hapa hakatiki: yeye na Robinson ndio wanaobeba kisa.

Karibu na mwisho, ndugu wawili Fayard na Harold Nicholas wanapanda juu ya piano katikati ya bendi ya Calloway, viatu vikigonga kwa mdundo. Kisha wanashuka ngazi kubwa wakirukana kwa zamu, kila mmoja akitua kwa msamba na kuinuka bila kugusa chini kwa mikono. Ni miongoni mwa dansi bora kabisa zilizowahi kunaswa na kamera.

Dhihaka za zamani hazikutoweka, hata hivyo. Wachekeshaji wawili Weusi wanaonekana wamejipaka masizi usoni, kama walivyofanya Wazungu waliowakejeli Weusi jukwaani.

Mwaka 2001 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza filamu hii kwenye orodha ya filamu za taifa za kuhifadhiwa.