Kahawa ya Kilimanjaro na Soko la Ubora

Arabika, yaani aina ya kahawa inayopenda nyanda za juu zenye ubaridi na ambayo kinywaji chake husifiwa kwa harufu na uchachu wake mwanana, iliingia Kilimanjaro mwishoni mwa karne ya 19 kupitia mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, walioipanda katika misheni ya Kilema. Bukoba mambo yalikuwa tofauti, kwa kuwa Wahaya walikuwa na robusta yao tangu kale, wakiichemsha pamoja na majani yenye harufu, wakaikausha na kumkaribisha mgeni kwa kumpa aitafune. Wachaga nao hawakuiachia misheni zao hilo jipya, bali waliliingiza katika kihamba, ambacho ni shamba la ukoo linalozunguka nyumba, wakalipanda chini ya kivuli cha migomba, wakalirutubisha kwa samadi ya ng'ombe wa zizini na kulinywesha maji ya mifongo, yaani mifereji iliyochimbwa na wazee kutoka kwenye mito ya mlimani.

Walowezi wa Kizungu walipinga kilimo hicho cha Waafrika, wakidai kwamba kingeeneza magonjwa na kuchochea wizi wa kahawa, lakini afisa wa utawala wa Moshi, Charles Dundas, aliwaunga mkono wakulima, na mwaka 1925 kikaundwa chama chao cha kwanza, kilichoshughulikia dawa na pampu za kupulizia mibuni na hatimaye uuzaji. Hatua hiyo ilikuwa kubwa kuliko inavyokumbukwa leo, kwani katika nchi jirani ya Kenya Mwafrika wakati huo alizuiwa kupanda kahawa. Mwaka 1933 chama hicho kilirithiwa na KNCU, chama kikuu cha ushirika kilichokusanya mazao ya vyama vya msingi, na wajibu wa kuuza kupitia chombo kimoja, uliokuja wakati bei imeporomoka, ulizusha ghasia mwaka 1937.

Ushirika ulimpa mkulima mdogo nguvu sokoni ambayo asingeipata peke yake, na jambo hilo halipaswi kubezwa. Hata hivyo, utaratibu wa kuchanganya mazao na kugawana wastani wa bei, ambao uliendelea chini ya mamlaka ya serikali baada ya vyama vikuu kuvunjwa mwaka 1976, ulikuwa na gharama yake: mkulima aliyechuma matunda mekundu tupu alilipwa karibu sawa na jirani aliyechanganya mabichi na mabivu, na gunia lilipofika mnadani Moshi lilitambulishwa kwa daraja tu, kama vile AA kwa punje kubwa au PB kwa punje moja ya mviringo inayojaa tunda peke yake. Jina la kijiji lilipotea njiani. Nchini Japani, ambako kahawa hii inapendwa mno, jina la Kilimanjaro limezoeleka kutumika hata kwa arabika iliyovunwa Mbinga au Mbeya, na mchanganyiko unaweza kuuzwa kwa jina hilo ukiwa na asilimia 30 tu ya kahawa hiyo.

Wakati huohuo, huko Marekani, mfanyabiashara Erna Knutsen alianza mwaka 1974 kuzipigia debe kahawa ambazo ladha yake ya pekee hutokana na mahali zilipokua, na mwaka 1982 wafanyabiashara wa mkondo huo wakaunda chama chao. Kipimo chao ni meza ya waonjaji: kahawa iliyosagwa humiminiwa maji ya moto bakulini, ukoko unaoelea juu huvunjwa kwa kijiko baada ya dakika 4 hivi huku pua ikiwa karibu, kisha kinywaji huvutwa mdomoni kwa mfyonzo wa nguvu ili kienee ulimini, na kahawa inayopata alama 80 au zaidi kati ya 100 huingia katika kundi la kahawa bora.

Soko hilo lilihitaji kile hasa ambacho mfumo wa kuchanganya ulikuwa umekifuta. Biashara huria ya miaka ya 1990 haikukirudisha mara moja, kwa sababu wanunuzi binafsi waligombea wingi, na kila kaya iliendelea kumenya kahawa kwa mashine yake ya mkono na kuivundika kwa muda iliouona unafaa. Mabadiliko yalionekana mwanzoni mwa miaka ya 2000, pale vikundi vya wakulima vilipoweka mitambo ya pamoja ya kumenya, vikakataa matunda mabichi mlangoni, vikasimamia uvundikaji na uoshaji, vikaianika kahawa juu ya vichanja na kuruhusiwa kuiuza moja kwa moja nje bila kupitia mnadani. Kituo cha utafiti cha Lyamungu, kwa upande wake, kilitoa miche inayostahimili chulebuni, ugonjwa unaoozesha matunda machanga, na kutu ya majani.

Kikwazo kinachobaki ni ardhi. Kihamba hugawanywa kila kizazi kinaporithi, mibuni mingi imezeeka, na kaya yenye miti michache haiwezi kujaza peke yake shehena ya kumvutia mnunuzi wa ng'ambo. Ndiyo maana jina linalofika kwenye meza ya mwonjaji ni la chama cha msingi au la kikundi cha kijiji, na ni nadra kuwa la mkulima.