Ufugaji wa bata nyumbani: Bugeshi hakuhitajiki bwawa

Bugeshi ni tarafa ya wilaya ya Rubavu, magharibi mwa Rwanda, inayopakana na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ilhali ufuo wa Ziwa Kivu mjini Gisenyi uko kwenye mita 1,460 hivi. Mvua hunyesha kwa wingi, lakini ardhi ya volkano huyanywa maji upesi. Ni rahisi basi kudhani kwamba bata ni ndege wa watu wa ziwani, na kwamba nyanda za viazi hazimfai. Sivyo. Kinachomsumbua bata wa Bugeshi si uhaba wa maji ya kuogelea, bali ni baridi.

Tuanze na majina, maana Kiswahili kimemtwika neno hili zaidi ya ndege mmoja. Bata mzinga si bata hata kidogo, na bata bukini ni ndege mwingine mkubwa mwenye shingo ndefu. Tunayemzungumzia hapa ndiye anayeitwa igishuhe kwa Kinyarwanda, naye ana koo mbili. Koo ya kwanza ilitokana na bata mwitu wa Ulaya na Asia: humo yumo Pekini, mweupe, wa China, na Khaki Campbell wa Uingereza, ambaye akilishwa vizuri hukaribia mayai 300 kwa mwaka. Koo ya pili ni bata mwenye vinundu vyekundu usoni, aliyetoka Amerika ya Kati na Kusini. Huyu hapigi kelele, bali hufoka kwa pumzi. Dume aweza kufikia kilo 5, na jike nusu yake. Kwa ua mdogo wa nyumbani, wa pili ndiye bora: huatamia mwenyewe, hulea vifaranga wake, na hawasumbui majirani. Dume mmoja hutosha majike wanne au watano. Ila anaruka, manyoya marefu ya bawa moja hupunguzwa, la sivyo atalala juu ya paa.

Maji anayoyahitaji ni ya kunywa na ya kuzamisha kichwa, ili asafishe macho na pua. Beseni lenye kina cha kiganja, linalobadilishwa kila siku, linatosha. Maji machafu ya beseni humwagwa kwenye bustani ya mboga, kwani yana mbolea.

Banda ndilo lenye kazi. Liwe na paa lisilovuja, sakafu iliyoinuka kidogo na matandiko makavu ya nyasi au maranda. Bata akilala kwenye tope usiku wa baridi, miguu yake huvimba. Mlango ufungwe jioni kwa ajili ya mbwa na vicheche. Jike hutaga mayai 8 hadi 15 kisha huyaatamia kwa siku 35, wakati bata wa koo ya kwanza huhitaji siku 28 na kuku 21. Tofauti hiyo si ndogo: kuku aliyepewa mayai ya bata mwenye uso mwekundu huweza kuchoka na kuondoka kabla ya wakati. Kifaranga aliyeanguliwa bila mama ya bata hana mafuta ya kutosha kwenye manyoya yake. Akiingia kwenye beseni hulowa, na katika baridi ya mlimani akilowa hufa upesi. Katika majuma ya kwanza apewe maji katika chombo chembamba asichoweza kukiingia, na akae penye joto.

Kuhusu chakula, Bugeshi ina viazi, na hapo ndipo penye hatari. Viazi vilivyogeuka kijani au kuchipua vina sumu, asipewe. Vilivyo vizuma vichemshwe, na maji yake yamwagwe. Mahindi na karanga zenye ukungu ni mbaya zaidi, kwani kifaranga wa bata ni miongoni mwa viumbe wanaodhurika haraka mno na sumukuvu. Sumu hiyo ilitambuliwa baada ya mwaka 1960, bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza kwa kula karanga zenye kuvu. Shambani bata hula makoa na wadudu, msaada mkubwa kwa mkulima, lakini asiachiwe kwenye viazi vilivyotoka kupuliziwa dawa, wala kwenye miche michanga, ambayo huikanyaga.

Bata huonekana mzima hata akiwa amebeba ugonjwa. Aweza kueneza mafua ya ndege au kideri kwa kuku wa ua uleule bila yeye kuugua. Mwaka 2017 mafua ya ndege yalizuka Uganda, kisha mashariki mwa Kongo. Kwa wakazi wa mpakani hilo si jambo la mbali: ndege aliyenunuliwa sokoni, awe ametoka upande wowote, atengwe majuma mawili kabla ya kuchanganywa na wengine. Vifo vya ghafla vya ndege kadhaa viripotiwe kwa daktari wa mifugo wa tarafa, na mizoga isiguswe kwa mikono mitupu wala isipelekwe jikoni.

Yai la bata ni kubwa kuliko la kuku, na hupikwa mpaka kiini kigande, kwa kuwa vijidudu vya salmonela hupatikana humo mara kwa mara. Watoto wanaocheza na bata wanawe mikono kwa sabuni. Ni vyema pia wazazi waamue mapema: kifaranga aliyelelewa peke yake humfuata mtu kama mama yake, akapewa jina, na siku ya kuchinja nyumba nzima hulia. Wanaofuga kwa ajili ya nyama hulea kundi, hawalei mmoja, na huchinja katika umri wa miezi minne au mitano, manyoya yanapokuwa yamekomaa. Manyoya yanayochipua bado huwa ni tabu kunyonyoa, hata kwa maji ya moto.