Lubega Mbele ya Hakimu: Vazi la Mzee wa Baraza Katika Historia ya Kilosa

Wito wa mahakama ukimfikia mzee wa Kiparakuyo, mfugaji wa jamii ya Kimaasai anayeishi pembezoni mwa Mikumi wilayani Kilosa, akitakiwa kwenda kukaa pamoja na hakimu kama mzee wa baraza, mjadala wa kwanza nyumbani kwake huenda ukawa juu ya nguo kabla ya kesi yenyewe. Kijana aliyesoma atamwambia, "Baba, azima suruali na koti." Wazee wa rika lake watauliza suruali ya nini kwa mtu aliyezeeka ndani ya shuka, ambaye ameamua magomvi ya ng'ombe na mahari kwa miaka mingi akiwa amejifunga lubega. Wote wawili wana hoja. Kijana anajua jinsi watu wa mjini wanavyomtazama mwenye shuka. Wazee wanajua kwamba mahakama ilimwita kwa sababu ya yale anayoyafahamu, na kwamba aliyajua akiwa ndani ya vazi hilo.

Kwa Kilosa swali hili lina mizizi mirefu. Ni wilaya ambayo wageni wameamulia mambo ya wenyeji tangu zamani. Novemba 1884 Mjerumani Carl Peters alipita Usagara akikusanya alama na misalaba kwenye karatasi zake, na huko Msowero akapata mkataba wa chifu Mangungo, ambao kila mtoto wa shule Tanzania huusoma. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Mpwapwa ilikuwa imekwisha kuleta merikani na kaniki katika nchi hizo. Nguo hizo zilitolewa kama hongo ya kuruhusiwa kupita na kulipia chakula, na polepole zikachukua nafasi ya ngozi na magome ya miti. Kanzu na kofia zikapanda kutoka pwani pamoja na dini. Kwa hiyo mzee wa Kikaguru, wa Kisagara au wa Kividunda anayevaa leo kanzu na koti juu yake amevaa historia ya biashara hiyo, na hakuna anayemshangaa. Mparakuyo alikuja Kilosa na ng'ombe wake katika karne ya 19, baada ya vita vya Wamaasai wenyewe kwa wenyewe. Yeye alichukua kitambaa cha madukani, akakifunga kwa namna ya ngozi aliyoizoea. Majirani walimwita Mkwavi au Mhumba. Jina lake mwenyewe lilichelewa kujulikana maofisini.

Waingereza walipoanza kutawala kupitia machifu, chini ya Gavana Donald Cameron, kuanzia 1926, sehemu kubwa ya kaskazini mwa Kilosa iliwekwa chini ya mamlaka ya Wakaguru. Sheria ya mabaraza ya wenyeji ya 1929 ikawapa wakubwa hao uwezo wa kusikiliza kesi na kutoza faini. Hapo ndipo Waparakuyo walipojikuta washitakiwa katika mabaraza yasiyo yao. Mwanaanthropolojia wa Kimarekani, Thomas Beidelman, aliyefanya utafiti kwa Wakaguru mwishoni mwa miaka ya 1950, baadaye aliandika makala mbili juu ya jinsi mivutano ya makabila ilivyoingia katika mabaraza hayo. Kesi nyingi za wafugaji zilitokana na mazao yaliyoliwa na ng'ombe au fujo za minadani. Aliyeingia barazani na shuka na udongo mwekundu mwilini alikuwa amekwisha kutambulika kabla hajafungua kinywa. Nadhani hapa ndipo kiini cha jambo lote kilipo. Vazi lilisema kabla ya shahidi kusema, na waliokuwa wakilisikiliza ni watu waliokuwa na ugomvi na wenye vazi hilo.

Uhuru ulileta mahakama mpya. Uchifu ulifutwa 1963, na mwaka huo huo Bunge likapitisha Sheria ya Mahakama za Mahakimu iliyozaa Mahakama za Mwanzo, zikianza kazi 1964. Hakimu akawa mtumishi wa serikali, tena mara nyingi mgeni wa mahali pale. Ili asiwe peke yake katika mila asizozijua, sheria ikamweka pamoja na wazee. Sheria ya 1984 iliyochukua nafasi ya ile ya kwanza ilisema katika kifungu cha 7 kwamba Mahakama ya Mwanzo inakaa ikiwa na hakimu na wazee wasiopungua wawili, na kwamba uamuzi hupitishwa kwa kura za wengi, hakimu akiwa na kura ya uamuzi zikilingana. Tafakari uzito wake: wazee wawili wa kijiji wangeweza kumshinda hakimu kwa kura. Kifungu hicho hakikutaja vazi hata kwa neno moja.

Mahakama Kuu ilikuwa na desturi yake. Katika kesi za mauaji jaji alikaa na wazee wa baraza, utaratibu ambao Waingereza walioutumia India waliuleta Afrika mahali pa juri. Nchini Kenya juri lilikuwepo enzi za ukoloni, ila kwa washitakiwa Wazungu tu. Mwafrika alipewa wazee wa baraza. Jaji aliwafupishia ushahidi, kisha kila mzee akatoa maoni yake kwa mdomo, mmoja baada ya mwingine. Maoni hayo hayakumfunga jaji, lakini Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliyachukua kwa uzito mkubwa, hata ikafuta hukumu nyingi za mauaji kwa sababu wazee hawakufafanuliwa vizuri hoja za sheria, au waliachwa wamhoji shahidi kama mawakili. Mtu aliyehukumiwa kunyongwa aliweza kurudishiwa kesi yake mwanzo kwa sababu mzee mmoja hakutendewa inavyopasa.

Ajabu ni kwamba wakati sheria ilipokuwa ikimpa mzee kiti, siasa ilikuwa ikimvua nguo. Mwanzoni mwa 1968 viongozi wa mkoa wa Arusha walianzisha kampeni iliyojulikana kama Operesheni Dress-Up. Wamaasai walitakiwa kuacha ngozi, shuka la lubega na udongo mwekundu, wavae suruali au kaptula kama raia wengine. Hoja ilikuwa maendeleo na heshima ya taifa, kwamba nchi huru haiwezi kuwaacha watu wake watembee nusu uchi ili watalii wawapige picha. Ng'ambo ya mpaka, mbunge Mmaasai wa Kenya, John Keen, alipinga waziwazi. Mwaka uliofuata, kuanzia Januari 1, 1969, Umoja wa Vijana wa TANU ukaanza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana mjini Dar es Salaam. Msichana wa Kariakoo alilaumiwa kwa kuiga Ulaya kupita kiasi, na mfugaji wa Monduli kwa kutoiga hata kidogo. Mimi ninaona kampeni ya Arusha iliwatendea Wamaasai isivyo haki, na madhara yake yalivuka mipaka ya mkoa ule. Ilimpa kila karani na kila kondakta nchini sababu ya kumdharau mwenye shuka, na sababu hiyo ilidumu hata kampeni yenyewe ilipofifia.

Serikali kuhukumu nguo za raia wake si jambo la Tanzania peke yake. Baada ya vita vya Culloden vya 1746, Bunge la Uingereza lilipiga marufuku mavazi ya Waskoti wa milimani, ikiwemo kilti, ile nguo ya mistari inayozunguka kiuno hadi magotini. Aliyekamatwa mara ya kwanza alifungwa miezi 6, na akirudia alihamishiwa makoloni ng'ambo kwa miaka 7. Askari wa jeshi la mfalme tu ndio walioruhusiwa kuivaa. Marufuku hiyo iliondolewa 1782, na kufikia 1822 Mfalme George IV mwenyewe alizuru Edinburgh akiwa amevaa kilti. Leo Mskoti akiitwa kukaa miongoni mwa watu 15 wa juri la kesi ya jinai, bado kuna wanaojiuliza kama kilti inafaa. Anayejua historia hiyo anaelewa kwa nini swali linamgusa.

Kilosa haikupata bahati ya kuliona shuka likisafishiwa jina na mfalme. Desemba 8, 2000, watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni katika mapigano ya wakulima na wafugaji, wengi wao wanawake na watoto. Mgogoro wa ardhi ya Mabwegere, kijiji cha wafugaji, ulipanda mahakamani ngazi kwa ngazi hadi Mahakama ya Rufani. Katika wilaya yenye makovu ya namna hiyo, mtu akisema lubega ni jambo dogo la urembo hajui anachokisema. Mshitakiwa mkulima akimwona Mparakuyo kwenye kiti cha mzee wa baraza anaweza kuogopa upendeleo. Lakini mfugaji naye, kwa miongo mingi, ameingia mahakamani na kuona kanzu na makoti tu upande ule wa meza. Suruali ya kuazima haiondoi hofu ya yeyote kati yao, kwa sababu wote wanamjua mzee huyo ni nani.

Nisikilizwe vizuri: mahakama ina haki ya kudai heshima. Jaji huvaa joho, wakili huvaa suti nyeusi na kola nyeupe, na watumishi wa umma wana waraka wao wa mavazi wa 2007, unaobandikwa mlangoni mwa ofisi nyingi pamoja na michoro ya kaptula, sketi fupi na nguo za kubana, kila mmoja ukiwa na alama ya kukatazwa. Mzee wa baraza si mtumishi wa umma, ila anaketi katika nyumba ya umma. Kwa hiyo shuka liwe safi, lifungwe vizuri na kusitiri, na ndani avae kaptula kama wavaavyo wengi siku hizi. Sime na rungu viachwe nyumbani au kwa askari wa mlangoni, kwa kuwa silaha haina kazi kwenye chumba cha hukumu. Zaidi ya hapo, aende na lubega yake. Sheria ilitaka mtu anayezijua mila za watu wake, na haikumtaka ajifiche ndani ya nguo za mwingine ili asikilizwe.

Nafasi yenyewe imepungua. Marekebisho ya sheria ya 2022 yaliondoa ulazima wa wazee wa baraza katika kesi za Mahakama Kuu, na sasa jaji anaweza kuwaita akiona wanahitajika. Mawakili wengi walifurahi, maana hukumu nyingi zilikuwa zikivunjika kwenye rufaa kwa sababu ya kasoro za wazee. Kwa wafugaji wa Kilosa hesabu ni tofauti kidogo. Kiti walichokipata kwa shida, katika wilaya ambamo walizoea kusimama upande wa washitakiwa, sasa, katika Mahakama Kuu, kinategemea kama jaji ataona haja ya kuwaita.